Menyu zimepotea baada ya kuhamia Access mpya: namna nilivyozirudisha

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha kuhudumia Windows XP na Office 2003, vyote siku moja. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga kilikuwa kinatumia vyote viwili, kwa hiyo bodi ikanunua kompyuta 3 zenye Windows 7 na Office 2010. Nilihamisha kanzidata yetu ya Access, ile programu ya Office ya kutunza kumbukumbu, Jumamosi mchana. Faili likafunguka, wanachama wote wapo, salio limelingana mpaka senti ya mwisho. Nikafunga ofisi, nikarudi zangu Ngamiani moyo umetulia. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mama wa kaunta akanipigia simu: "Mwanangu, njoo. Neno Mikopo halipo."

Nilifika nikakuta foleni imeshafika mlangoni. Juu ya skrini, mahali ambapo kwa miaka mingi palisomeka Wanachama, Akiba, Mikopo, Marejesho, Fedha, Ripoti, Mwisho wa Mwezi, sasa palikuwa na utepe wa Microsoft wenyewe: Home, Create, External Data, Database Tools. Data haikupotea hata mstari mmoja. Kilichopotea ni njia ya kuifikia, na kwa mtu aliye dirishani na mteja mbele yake, hilo ni sawa na kupoteza kila kitu.

Tangu siku hiyo nimeifanya kazi hii kwa zahanati moja, shule moja na duka la vipuri. Ninaandika hatua zake kwa anayekutana na tatizo hili akiwa peke yake, maana najua jinsi jasho linavyotoka.

Kabla hujagusa kitu

Nakili faili mara mbili: moja kwenye flashi, nyingine kwenye folda yenye tarehe ya leo. Kama faili lako linaishia na .mdb, liache hivyo hivyo kwa sasa. Access 2007 na 2010 zinalifungua bila kulibadilisha. Usikimbilie kulihifadhi kama .accdb kwa sababu tu ndiyo sura mpya. Nitaeleza chini kwa nini uamuzi huo unaweza kuzidisha hasara. Na kama faili ni la zamani kabisa, la Access 97, ujue kwamba Access 2013 hailifungui. Tafuta kwanza kompyuta yenye 2010, 2007 au 2003, uligeuze huko.

Usilazimishe pia kurudisha Office ya zamani. Nilishauriwa hivyo, na ningekubali ningekuwa nimeahirisha tatizo tu, kwenye mashine isiyopata tena masahihisho ya usalama, ndani ya ofisi inayotunza fedha za watu.

Menyu iko wapi?

Menyu za Access ya zamani hazikuwa sehemu ya programu. Aliyetengeneza kanzidata alizijenga kwa kubofya View, Toolbars, Customize, na zikahifadhiwa ndani ya faili lake. Office ya 2007 iliondoa dirisha hilo la Customize na kuweka utepe, lakini menyu zilizomo ndani ya faili hazikufutwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua ni lipi kati ya mambo matatu limekupata.

Huenda zimehamishwa. Tazama mwisho wa utepe, upande wa kulia, kama kuna kichupo kilichoandikwa Add-Ins. Kifungue. Menyu kuu utaikuta kwenye kundi la Menu Commands, na mistari ya vitufe kwenye Custom Toolbars. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mikopo alikuwepo muda wote, hatua moja tu mbali, ila nani angemwambia mama wa kaunta aende kumtafuta chini ya maneno ya Kiingereza ambayo hajawahi kuyaona?

Huenda zipo lakini hazifanyi kazi. Unabofya, kimya, au unapata ujumbe wa kosa. Tazama kama kuna ukanda wa njano chini ya utepe wenye kitufe cha Enable Content. Access mpya haiendeshi kodi (maandishi ya programu) ya faili isiyoliamini. Kubofya kitufe hicho kunasaidia, ila dawa ya kudumu ni kuitangaza folda kuwa ya kuaminika: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Trusted Locations, kisha Add new location. Kama faili liko kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ofisi, weka pia tiki ya kuruhusu folda za mtandao, ipo chini ya dirisha hilo hilo. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta. Tangaza folda moja tu ya kazi, usitangaze diski nzima, na hakikisha hakuna anayetupia humo mafaili yaliyotoka kwenye barua pepe.

Huenda hazikuja kabisa. Hili huwapata wanaotengeneza faili jipya tupu na kuingiza humo majedwali, fomu na ripoti kutoka faili la zamani. Kwenye dirisha la kuingiza kuna kitufe cha Options, na ukikibofya yanatokea machaguo ya ziada, mojawapo Menus and Toolbars. Halina tiki mpaka uiweke wewe. Shule niliyoisaidia ilikuwa imekwama hapo kwa wiki mbili. Ingiza upya kutoka faili la zamani, safari hii ukiwa umeweka tiki hiyo.

Piga orodha kabla ya kujenga

Hapa ndipo nawaomba watu wasiwe na haraka. Menyu iliyokaa ofisini miaka kumi na zaidi imeshaingia kwenye mikono ya watu. Mama wa kaunta hasomi tena neno Mikopo. Mkono wake unakwenda wenyewe. Ukimjengea kitu kipya kizuri chenye mpangilio mwingine, umemrudisha siku yake ya kwanza ya kazi. Kwa hiyo lengo langu huwa kurudisha maneno yale yale, kwa mfuatano ule ule, na ili niweze hilo lazima nijue kila neno lilikuwa linaita kitu gani.

Fungua faili huku umeshika kitufe cha Shift, ili mambo ya kuanzia yasijiendeshe. Bonyeza Alt pamoja na F11, ingiza moduli mpya, ubandike hii:

```
Sub OrodheshaMenyu()
    Dim cb As Object
    For Each cb In CommandBars
        If Not cb.BuiltIn Then
            Debug.Print "== " & cb.Name & ", aina " & cb.Type
            Chapisha cb, 1
        End If
    Next
End Sub

Sub Chapisha(mzazi As Object, ngazi As Integer)
    Dim k As Object
    For Each k In mzazi.Controls
        Debug.Print String(ngazi * 3, " ") & k.Caption & " -> " & k.OnAction
        If k.Type = 10 Then Chapisha k, ngazi + 1
    Next
End Sub
```

Bonyeza Ctrl na G kufungua dirisha la chini, weka kasa (kile kistari kinachomweka unapoandika) ndani ya OrodheshaMenyu, kisha F5. Utaona menyu zote za mtengenezaji na kila neno likifuatwa na jina la makro (amri zilizofungwa pamoja) au kazi (kipande cha kodi) linayoita. Aina 0 ni mstari wa vitufe, 1 ni menyu ya juu, 2 ni ile inayotokea ukibofya kulia. Neno lisilo na kitu mbele ya mshale ama ni menyu inayofungua nyingine, ama ni amri ya Access yenyewe, kama kuchapisha au kutafuta. Dirisha hilo hubakiza mistari kama 200 tu ya mwisho, kwa hiyo kama menyu ni nyingi, orodhesha moja moja.

Yetu ilitoa mistari 47. Niliichapisha kwenye karatasi nikakaa na mama wa kaunta saa ya chakula, nikamwuliza kila mstari unatumika lini. Mistari 11 hakuwahi kuigusa. Miwili alikuwa anaitumia kwa jambo tofauti kabisa na jina lake. Sikuyajua hayo, na hakuna kodi ambayo ingeniambia.

Kulikuwa na neno moja, Sawazisha, lililoita kazi ambayo sikuielewa hata baada ya kuisoma. Nikampigia aliyeandika kanzidata, mwalimu wa hesabu aliyekwisha kustaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kumeharibika nini?"

Nikamsomea. Akacheka kidogo, akasema hiyo hukokotoa upya riba za mikopo iliyolipwa kabla ya muda, na kwamba isiendeshwe kamwe kabla ya kufunga mwezi. Nikaandika pembeni mwa karatasi kwa kalamu nyekundu. Kama aliyekutengenezea yu hai na simu yake inapatikana, mpigie. Dakika tano zake ni bora kuliko siku mbili zako.

Njia ya haraka, kama foleni iko mlangoni

Kama bado una mashine moja yenye Access 2003, fungua faili humo, nenda Tools, Startup. Kwenye Menu Bar chagua menyu yenu. Ondoa tiki ya Allow Full Menus na ya Allow Built-in Toolbars. Funga. Sasa lifungue faili hilo la .mdb kwenye Access 2010: utepe unajificha na menyu yenu inasimama juu kama zamani.

Kama huna tena 2003, unaweza kuangalia na kubadilisha mambo hayo hayo kwenye dirisha la Ctrl na G:

```
? CurrentDb.Properties("StartUpMenuBar")
CurrentDb.Properties("AllowBuiltInToolbars") = False
CurrentDb.Properties("AllowFullMenus") = False
```

Ukiambiwa sifa hiyo haipo, maana yake haikuwahi kuwekwa, na itabidi uiunde kwanza kwa CreateProperty. Funga faili, fungua tena.

Niliitumia njia hii Jumatatu ile ile, na foleni ikaanza kusogea kabla ya saa nne. Lakini niliiona kama bandeji. Huwezi tena kuihariri menyu hiyo kwa kipanya, kwa sababu dirisha la kuihariri halipo. Na ukitarajia kwenda kwenye matoleo ya 2013 na baada ya hapo, usiitegemee hata kidogo. Jenga utepe wako.

Kujenga utepe wako

Utepe wa Access unaandikwa kwa XML, maandishi ya kawaida yenye alama za kufungua na kufunga, na maandishi yake yanakaa kwenye jedwali la kawaida ndani ya faili lako. Tengeneza jedwali, liite USysRibbons, herufi kwa herufi. Lina safu tatu: ID ya AutoNumber, RibbonName ya Text yenye urefu wa 255, na RibbonXml ya Memo (tangu 2013 zinaitwa Short Text na Long Text). Ukilihifadhi tu litatoweka machoni, kwa sababu majina yanayoanza na USys huhesabiwa ni ya mfumo. Usishtuke. Bofya kulia juu ya kichwa cha orodha ya kushoto, chagua Navigation Options, weka tiki kwenye Show System Objects, litarudi.

Kabla hujaandika chochote humo, nenda File, Options, Client Settings, na kwenye sehemu ya General weka tiki kwenye Show add-in user interface errors. Kwenye 2007 iko chini ya Advanced. Bila tiki hii, ukikosea alama moja tu, utepe hautokei na hakuna anayekuambia kwa nini. Jioni yangu nzima ilikwenda kwa kutoijua tiki hii.

Sasa ongeza rekodi. Kwenye RibbonName andika jina, mimi niliita Menyu Kuu. Kwenye RibbonXml:

```
<customUI xmlns="http://schemas.microsoft.com/office/2006/01/customui">
  <ribbon startFromScratch="true">
    <tabs>
      <tab id="tabMikopo" label="Mikopo" keytip="M">
        <group id="grpMaombi" label="Maombi">
          <button id="btnOmbi" label="Ombi jipya" keytip="O"
             onAction="=FunguaFomu('frmOmbiMkopo')"/>
          <button id="btnRatiba" label="Ratiba" keytip="T"
             onAction="=FunguaFomu('frmRatiba')"/>
        </group>
      </tab>
    </tabs>
  </ribbon>
</customUI>
```

Na kwenye moduli ya kawaida:

```
Public Function FunguaFomu(jina As String)
    DoCmd.OpenForm jina
End Function
```

Iwe Function, isiwe Sub, la sivyo Access haitaiona. Kama menyu yako ya zamani iliita makro, andika kazi ndogo yenye DoCmd.RunMacro na jina la makro ile; sina sababu ya kuziandika upya makro zinazofanya kazi vizuri.

Ile anwani ya 2006/01 kwenye mstari wa kwanza ni ya Access 2007, na matoleo yaliyofuata yanaikubali. Ipo nyingine ya 2009/07 kwa 2010 na kuendelea, ambayo utaihitaji kwa mfano kama unataka kugusa yaliyomo ndani ya kichupo cha File. Ofisi yenye kompyuta mchanganyiko ibaki na ya 2006/01. Neno startFromScratch ndilo linaloficha Home, Create na wenzake. Wakati wa kujenga mimi hulifanya false, nione vyote, na kulirudisha true siku ya kukabidhi.

XML inabagua herufi kubwa na ndogo. onAction si OnAction. Kila id iwe ya peke yake na isiwe na nafasi ndani. Kosa lililonichelewesha zaidi ya yote lilikuwa la alama &. Kwenye menyu za zamani, mtengenezaji aliandika &Mikopo ili herufi M ipigiwe mstari na iitike kwa Alt na M. Ukinakili maneno kutoka kwenye ile orodha na kuyabandika kwenye label, alama hiyo inavunja XML nzima, na utepe wote haupo. Ifute. Na kama neno lenyewe linaihitaji, kama Akiba & Hisa, liandike Akiba na Hisa.

Ukishahifadhi rekodi, funga faili, lifungue tena. Hapo ndipo jina Menyu Kuu litakapoonekana kwenye File, Options, Current Database, kwenye kisanduku cha Ribbon Name. Lichague. Funga tena, fungua tena. Ndiyo, mara mbili: ya kwanza Access inasoma jedwali, ya pili inautumia utepe uliouchagua.

Herufi zile zile

Ile & iliyofutwa isitupwe bila kuandikwa pembeni. Kila ilipokaa ndipo palipokuwa na njia ya kibodi, na watu wa kaunta hawashiki kipanya wakiwa na mteja. Kazi yake kwenye utepe inafanywa na keytip, kama ulivyoiona hapo juu. Mama wa kaunta alizoea Alt na M, kisha O, ombi jipya linafunguka. Kwa keytip="M" na keytip="O" mkono wake unafanya vile vile, na fomu ile ile inafunguka. Pitia orodha yako uhamishe herufi moja moja. Epuka F kwenye vichupo, maana inatumiwa na File. Kwetu Fedha iliangukia hapo nikaipa D, na hilo ndilo badiliko pekee nililolazimika kumfundisha.

Njia za mkato zilizowekwa kwenye makro inayoitwa AutoKeys, kama F9 yetu ya kutafuta mwanachama, hazihitaji kuguswa. Zinaendelea kufanya kazi.

Ripoti isiyotoka

Siku ya pili mhasibu alifungua ripoti ya marejesho, ikajaa skrini, na hakukuwa na kitufe cha kuichapisha wala cha kuifunga. Ni startFromScratch: imeficha pia kichupo cha kuhakiki chapa. Ongeza utepe wa pili kwenye USysRibbons, uuite Ripoti, wenye vitufe viwili vinavyoita kazi hizi:

```
Public Function ChapishaRipoti()
    DoCmd.RunCommand acCmdPrint
End Function

Public Function FungaRipoti()
    DoCmd.Close
End Function
```

Fungua faili upya, ingia kwenye muundo wa kila ripoti, na kwenye kichupo cha Other cha sifa zake chagua Ripoti kwenye Ribbon Name. Utepe huo utatokea ripoti ikiwa wazi na kuondoka ikifungwa. Njia hiyo hiyo inafaa kwa fomu iliyokuwa na menyu yake ya pekee.

Menyu za kubofya kulia

Hizi kwa kawaida hazina taabu. Zile za aina 2 kwenye orodha zinaendelea kuitikia, mradi jina lake limebaki kwenye Shortcut Menu Bar ya fomu husika. Ukihitaji kuunda mpya utaiunda kwa kodi, mara moja tu, nayo inabaki ndani ya faili:

```
Sub MenyuYaMkopo()
    Dim m As Object, k As Object
    Set m = CommandBars.Add("mnuMkopo", 5, False, False)
    Set k = m.Controls.Add(1)
    k.Caption = "Ratiba ya marejesho"
    k.OnAction = "=FunguaFomu('frmRatiba')"
End Sub
```

Menyu imerudi, lakini inatoa kosa

Kwenye dirisha la kodi nenda Tools, References. Mstari wowote unaoanza na neno MISSING unaharibu hata kazi zisizohusiana nao. Unaweza kukuta kazi rahisi ya tarehe inakataa. Ondoa tiki yake, au chagua toleo jipya la kitu hicho. Kisha Debug, Compile, urekebishe kila kinacholalamikiwa mpaka akae kimya.

Kama mliwekewa Office ya biti 64, iliyoanza na 2010, mistari ya Declare inayoita vipande vya Windows itakataa mpaka uongeze neno PtrSafe, na baadhi ya Long ndani yake zigeuzwe LongPtr. Kwa ofisi ndogo yenye faili la zamani, ningeomba muwekewe biti 32 muondokane na hilo.

Ukikutana na DoMenuItem kwenye kodi, ni mabaki ya zama za Access 95 na 97. Inataja nafasi ya amri kwenye menyu ambayo haipo tena machoni: ya sita, ya nane. Badilisha unapoikuta. Iliyokuwa ikihifadhi rekodi iwe DoCmd.RunCommand acCmdSaveRecord, ya kufuta iwe acCmdDeleteRecord. Soma vizuri kabla ya kubadilisha, kwa sababu tofauti kati ya kuchagua rekodi na kuifuta humo ni tarakimu moja.

Na sasa lile la .accdb. Faili za .mdb zinaweza kuwa na watumiaji na nywila zilizotunzwa kwenye faili la .mdw, na watengenezaji wengi waliandika kodi inayoficha maneno ya menyu kulingana na CurrentUser(). Meneja anaona Idhinisha, karani haoni. Muundo wa .accdb hauna watumiaji hao. Humo CurrentUser() hujibu Admin kwa kila mtu. Matokeo yanategemea kodi ilivyoandikwa: ama Idhinisha inapotea kwa wote, meneja akiwemo, ama inafunguka kwa wote. La pili ndilo la kuogopwa, kwa sababu hakuna atakayelalamika. Tafuta neno CurrentUser kwenye kodi yote kwa Ctrl na F kabla hujabadilisha muundo. Ukilikuta, baki na .mdb, ambayo 2010 inaiendesha pamoja na .mdw yake, mpaka utakapojenga jedwali lako la watumiaji na ukalipima.

Kulipeleka kwenye kompyuta zote

Majedwali ya data yawe kwenye faili moja la nyuma, na kila kompyuta iwe na nakala yake ya faili la mbele lenye fomu, ripoti, kodi na USysRibbons. Utepe unasomwa kutoka faili la mbele tu, kwa hiyo ukiubadilisha, nakili faili hilo kwenye mashine zote jioni, watu wakiwa wametoka. Sisi tunaandika namba ya toleo kwenye label ya kundi la mwisho, upande wa kulia wa utepe. Mtu akipiga simu, swali langu la kwanza ni namba hiyo inasomekaje. Ile karatasi ya mistari 47, pamoja na ya kalamu nyekundu, iko kwenye jalada la ofisi, na nakala yake nimembandikia mama wa kaunta ndani ya droo.